Nilisoma fikra za Kiyahudi chuo kikuu: ni somo gani, na nimerudi na nini?

Tangu nirudi nyumbani kutoka masomoni Uingereza, haipiti wiki bila mtu kuniuliza swali moja. Nimeulizwa barazani baada ya magharibi, nimeulizwa harusini, na siku moja niliulizwa na mama muuza mahamri huku akigeuza karai lake. "Ati ni kweli wewe umesoma dini ya Mayahudi?" Wengine huuliza kwa mzaha. Wengine huuliza kwa wasiwasi wa kweli, na hao ndio ninaowaandikia leo.

Nimeonelea niseme mara moja, kwa utaratibu: somo lenyewe ni lipi, hufundishwa vipi, na kijana wa Kiswahili aliyesoma chuoni kwa maalimu mtaani kwao alifuata nini huko.

Nianze na yaliyonikuta. Nilipopata nafasi, ufadhili ulitosha karo peke yake. Nauli na pesa za kuanzia maisha, jamaa walikubali kunichangia. Orodha ilizunguka vizuri mpaka siku jina la somo lilipojulikana. Wachangaji wawili wakubwa wakajitoa. Ami yangu, ndugu mdogo wa marehemu babangu, ndiye aliyenifundisha alifu na bee. Nilimwendea nikamkumbusha kisa cha Zayd bin Thabit, sahaba aliyeamrishwa na Mtume (S.A.W.) ajifunze maandishi ya Mayahudi, akayajua kwa muda mfupi. Nilidhani nimepata hoja. Ami akanitazama akaniambia, "Zayd alitumwa na Mtume. Wewe umetumwa na nani?"

Sikuwa na jawabu. Mchango wake alitoa, lakini alitaka jina lake lisitajwe kwenye orodha. Hilo liliniuma kuliko wale wawili waliojitoa.

Ni somo gani hasa?

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Anayetaka kuwa rabi, yaani mwanachuoni na kiongozi wa dini ya Kiyahudi, huenda kwenye vyuo vyao vya dini, maarufu zaidi zikiitwa yeshiva. Chuo kikuu ni jambo jingine. Chuo kikuu hakimtii mtu Uyahudi, kama vile idara za masomo ya Kiislamu zilizoko Ulaya hazimsilimishi mwanafunzi. Darasani kwetu Wayahudi walikuwa wachache. Walikuwepo Wakristo, walikuwepo wasio na dini, nami nikiwa Muislamu. Hakuna aliyeulizwa anaamini nini. Tuliulizwa: mwandishi huyu anasema nini, ameyatoa wapi, alikuwa akimjibu nani, na hoja yake inasimama au haisimami?

Somo hili lina historia yake. Mwaka 1819 vijana wa Kiyahudi mjini Berlin, akiwemo Leopold Zunz, waliunda chama cha kuutafiti urithi wao kwa njia ya kitaalamu. Mwaka 1848 Zunz aliomba chuo kikuu cha Berlin kilipe somo hilo nafasi ya uprofesa, akakataliwa. Kazi ikaendelea nje ya vyuo vikuu kwa miaka mingi. Mwaka 1925 Chuo Kikuu cha Kiebrania kilifunguliwa Jerusalem, na mwaka huohuo Harvard, Marekani, ikampa Harry Wolfson uprofesa wa fasihi na falsafa ya Kiebrania. Huyu Wolfson aliandika pia kitabu kinene kuhusu ilimu ya kalamu ya Waislamu, kilichotoka mwaka 1976 baada ya kufa kwake. Kwa hiyo mtu kusoma fikra za wenzake si jambo lililoanza na mimi.

Ukurasa wenye watu wengi

Msingi ni Torati na vitabu vingine vya manabii wao. Juu yake kuna Mishna, mkusanyiko wa sheria na kauli za wanachuoni uliokamilishwa kiasi cha mwaka 200 Miladia. Juu ya Mishna kuna Gemara, mijadala ya vizazi vilivyofuata. Mishna na Gemara pamoja ndiyo Talmudi. Talmudi inayosomwa zaidi ni ile ya Babeli, yaani Iraq ya leo, na mijadala yake mingi imo katika lugha ya Kiaramu.

Ukifungua ukurasa wa Talmudi, huoni mwandishi mmoja akizungumza toka juu mpaka chini. Matini iko katikati. Ubavuni iko sherehe ya Rashi, mwanachuoni wa Troyes, Ufaransa, aliyefariki 1105. Ubavu wa pili ziko sherehe za waliomfuata, wengi wakimpinga. Mpangilio huo, pamoja na hesabu ya kurasa inayotumika mpaka leo, umetokana na chapa ya Daniel Bomberg, mchapishaji Mkristo wa Venice, iliyotoka kati ya 1520 na 1523.

Aliyesoma vitabu vya fikihi vyenye matini katikati na hashia pembeni hatashangaa. Nami sikushangaa. Kilichonishangaza ni kuwa kauli iliyoshindwa haifutwi. Kuna madhehebu mawili ya kale, ya Hillel na ya Shammai. Aghalabu sheria hufuata Hillel, lakini maneno ya Shammai yamehifadhiwa, na Mishna yenyewe inaeleza sababu: huenda mahakama ya baadaye ikaona haja ya kuyategemea. Sisi watu wa madhehebu ya Shafi twaijua khilafu ya maulamaa, na twajua kuwa ni rehema. Lakini barazani kwetu siku hizi, anayekhalifu hufutwa.

Husoma wawiliwawili. Mmoja husoma kwa sauti, mwenzake humkatiza: kwa nini amesema hivi? Kumbe neno lao la kufasiri maandiko, midrash, lina asili moja na neno letu madrasa na neno letu darsa. Na sadaka kwao ni tzedaka. Mwanafunzi anayejua Kiarabu kidogo cha chuoni hukuta Kiebrania kimemfungulia mlango nusu.

Kuna darsa moja sitaisahau. Aya ya 32 ya Suratul Maida huhubiriwa sana kwetu kila penye mauaji: ile inayolinganisha kuua nafsi moja na kuua watu wote. Aya yenyewe yasema hayo waliandikiwa Wana wa Israili. Nimeisikia tangu utotoni, wala sikuwahi kujiuliza waliandikiwa wapi. Siku hiyo tulikuwa tukisoma Mishna, kitabu cha Sanhedrin, mlango wa 4. Humo majaji huwaonya mashahidi wa kesi ya mauaji kabla hawajasema neno, wauogope uzito wa roho ya mtu, na katika onyo lao maana ileile imo. Nilinyamaza kimya. Kitabu changu kilikuwa kimenielekeza hapo miaka yote, nami sikuwa nimekwenda kutazama.

Wayahudi walioandika Kiarabu

Jambo ambalo wengi wetu hatulijui ni hili: baadhi ya vitabu vikubwa kabisa vya fikra za Kiyahudi viliandikwa kwa Kiarabu, katika miji ya Waislamu.

Saadia, aliyezaliwa Fayum, Misri, mwaka 882 na kuongoza chuo kikubwa cha Wayahudi wa Iraq, alitafsiri Torati kwa Kiarabu. Mwaka 933 akaandika kitabu cha itikadi kinachothibitisha upweke wa Mungu kwa hoja za watu wa kalamu, na athari ya Mu'tazila inaonekana wazi. Karne ya 11, zama za Imamu Ghazali, Bahya ibn Paquda wa Andalusia aliandika kitabu kuhusu faradhi za moyo. Alilalamika kuwa watu wanashughulika na faradhi za viungo na kusahau za moyoni. Anayesoma milango yake juu ya tawakkuli, toba na kujihesabu nafsi atadhani yuko mbele ya sheikh wa tarika.

Mkubwa wao ni Musa bin Maimun, ambaye Wazungu humwita Maimonides. Alizaliwa Cordoba, akahama na jamaa zake kwa sababu ya mateso ya utawala wa Almuwahhidun, wakapita Fez, mwisho wakakaa Fustat, Misri, na huko akafariki mwaka 1204. Alikuwa tabibu wa wakubwa wa dola ya Salahuddin. Kitabu chake cha falsafa, Dalalat al-Ha'irin, yaani mwongozo kwa waliokanganyikiwa, alikiandika kwa Kiarabu lakini kwa herufi za Kiebrania. Mwenye kukitafsiri alimshauri asome vitabu vya al-Farabi.

Ulaya, wanafunzi wenzangu walihitaji kuelezwa sana mambo haya ya lugha moja na herufi za nyingine. Mimi sikuhitaji. Wazee wetu waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu: tenzi, barua, hati za viwanja, mpaka madeni ya duka. Lugha ya nyumbani, herufi za dini. Nilipomwonyesha mwalimu mfano wa mwandiko wetu, aliomba nimweleze darasa zima. Siku hiyo mimi ndiye niliyefundisha.

Mwana wa Musa, Abraham, aliyefariki 1237, alikwenda mbali zaidi. Aliwasifu Masufi, akaona kuwa wao wamehifadhi mwenendo wa manabii wa kale ambao Mayahudi wenyewe wameuacha, akataka watu wake warejee kusujudu katika sala. Wenzake wengi walimpinga vikali. Kulaumiwa kwa kujifunza kwa jirani ni jambo kongwe.

Kisa cha ndugu wawili na bahari yetu

Musa alikuwa na mdogo wake, Daudi, mfanyibiashara. Huyu ndiye aliyetafuta riziki ili kakake akae na vitabu. Kiasi cha mwaka 1170 Daudi alivuka jangwa mpaka Aydhab, bandari ya upande wa Afrika wa Bahari ya Shamu. Hakukuta bidhaa ya maana isipokuwa nili. Akaamua kupanda chombo aende Bara Hindi, akamwandikia kakake barua kumjulisha, akimtaka awatulize watu wa nyumbani. Barua hiyo ipo mpaka leo, katika maktaba ya chuo kikuu cha Cambridge. Daudi alizama katika Bahari ya Hindi, na mali yake, ya kakake na ya watu wengine ikazama naye. Miaka kadhaa baadaye Musa alimwandikia rafiki yake kuwa msiba huo ulimlaza kitandani kiasi cha mwaka mzima, na kwamba Daudi ameacha mjane na mtoto mdogo wa kike. Ikambidi sasa aishi kwa utabibu.

Barua kama hiyo ilipataje kusalimika? Mayahudi wana ada ya kutotupa karatasi yenye jina la Mungu. Katika sinagogi la Ben Ezra huko Fustat kulikuwa na chumba kilichotiwa makaratasi yaliyochakaa kwa karne nyingi: vitabu, nikahi, talaka, hesabu za biashara, barua za mabaharia. Mwishoni mwa 1896 Solomon Schechter, mwalimu wa Cambridge, alikwenda Misri akarudi na vipande zaidi ya 190,000. Kutokana na hayo, leo twajua bei za pilipili za Aden na majina ya manahodha wa karne ya 12.

Nasi tuna ada hiyohiyo. Msahafu uliochakaa hatuutupi jalalani. Lakini khati za Kiswahili za Lamu, Pate, Siyu na Mji wa Kale wa Mombasa, ngapi zimeliwa na mchwa ndani ya makasha? Ngapi zimechomwa kwa kuwa wajukuu hawajui kuzisoma?

Yasiyopendeza, na siasa

Sitaki mtu adhani nimerudi na maneno matamu peke yake. Musa bin Maimun huyohuyo, mwaka 1172, aliwaandikia Mayahudi wa Yemen waliokuwa wakilazimishwa kubadili dini, na humo alitia maneno makali juu ya Uislamu na Mtume wetu. Nilipoyasoma yaliniumiza. Barua yake nyingine yasema wazi kuwa Waislamu si waabudu masanamu. Chuo kikuu hakikubali uchague barua moja ufiche ya pili. Wazisoma zote mbili, wauliza kila moja iliandikwa lini na kwa nani.

Kisha Palestina. Najua msomaji alikuwa akiningoja hapa. Kusoma fikra za Kiyahudi hakukunifunga mdomo juu ya dhulma. Kumenifundisha kuwa Mayahudi wenyewe hawana kauli moja. Martin Buber, mwanafalsafa mashuhuri, pamoja na Judah Magnes aliyeongoza Chuo Kikuu cha Kiebrania, mwaka 1942 waliunda chama kilichotaka nchi moja ya Waarabu na Mayahudi walio sawa. Rabi Joel Teitelbaum alipinga kuundwa kwa dola ya Israel kwa hoja za Talmudi. Yeshayahu Leibowitz, mcha Mungu na profesa wa Jerusalem, baada ya vita vya 1967 alionya kuwa kuikalia ardhi ya wengine kutawaharibu watu wake. Mwaka 1993 alipoteuliwa kupewa Tuzo ya Israel zikazuka kelele, akaikataa. Mwenye kutaka kubishana na dola hiyo kwa ilimu, hoja nyingi atazikuta zimeandikwa kwa Kiebrania.

Kusoma si kufuata

Kuna kisa kinyume cha changu. Ignaz Goldziher, Myahudi wa Hungaria, alikwenda Cairo mwaka 1873 akiwa kijana wa miaka 23, akapata ruhusa ya kuhudhuria darsa za al-Azhar. Aliupenda Uislamu na masheikh zake. Akarudi Budapest, akaishi na kufa Myahudi, na kwa miaka mingi alifanya kazi ya ukarani katika jumuiya ya Mayahudi wa huko. Baadaye aliandika juu ya hadithi za Mtume, akatia shaka nyingi ambazo Waislamu hawakuziridhia.

Nani aliyewajibu wenye shaka hizo kwa ushahidi? Si aliyekataza vitabu vyao. Ni watu kama Sheikh Muhammad Mustafa Azami, mzaliwa wa India, aliyekwenda Cambridge akachukua udaktari mwaka 1966, akawajibu kwa njia wanayoielewa. Hakuwa amewafuata. Alikuwa amewasoma.

Kwa hiyo kijana anayeniuliza "nikasome?" humjibu hivi. Shika kwanza ilimu ya dini yako, maana asiye na chake hupotea kwenye cha mwenzake. Usidharau Kiarabu chako cha chuoni, ni mtaji. Jiandae kwa Kiebrania, miaka miwili ya kuumiza kichwa. Uliza mapema kuhusu ufadhili. Na usiende ukitafuta kupenda wala kuchukia. Nenda ukajue. Kazi zipo kwa mwenye subira: ualimu, tafsiri, maktaba za hati za kale. Mimi sasa nasaidia kuzisoma na kuziorodhesha khati za Kiswahili zilizobaki majumbani, kwa utaratibu niliojifunza kwenye zile karatasi za Fustat.

Mwezi uliopita nilikaa na ami nikamsimulia kisa cha Musa na Daudi. Babake, yaani babu yangu, alikuwa mtu wa vyombo, na nduguye alitoka Lamu kwa jahazi asirudi. Ami alisikiliza mpaka mwisho. Hakuuliza Musa alikuwa dini gani. Aliuliza, "Na yule mtoto wa kike, alilelewa na nani?" Nikamwambia aliachiwa ami yake. Akanyamaza kitambo, akamimina kahawa.

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, jirani mmoja alinisimamisha kwa swali lilelile, na ami yuko karibu. Kabla sijafungua mdomo, ami akamjibu: "Kaenda kusoma waloandika wenzetu, arudi atusomee yetu. Nimemtuma mimi."

Mwenye kasha la karatasi za wazee nyumbani kwake, tafadhali asilichome. Aniite, au amwite yeyote ajuaye khati, tulifungue pamoja.

Wabillahi tawfiq.